Wagonjwa Mara Tatu, Vifo Vilevile: Kuisoma Grafu ya Saratani ya Thairoidi

Nchini Marekani mwaka 1975, kati ya kila watu 100,000, watu 4.9 waliambiwa wana saratani ya tezi ya thairoidi. Mwaka 2009 walifika 14.3. Ukichora mstari unapanda karibu mara tatu ndani ya miaka 34. Chini yake weka mstari wa pili, wa vifo: 0.5 mwanzoni, 0.5 mwishoni. Umelala chali muda wote, kana kwamba unazungumzia ugonjwa mwingine kabisa.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandaa ripoti na majedwali ya watu wengine, na mistari miwili inayopaswa kuongozana ikiachana namna hii hunikosesha raha. Ugonjwa unaoua ukiongezeka mara tatu, makaburi nayo huongezeka, hata kama ni kwa kuchelewa miaka kadhaa. Kama hayakuongezeka, basi mojawapo ya mambo mawili limetokea. Ama tiba imekuwa ikiboreka mwaka hadi mwaka kwa kasi ileile ya ugonjwa, ikafuta kila ongezeko bila kuzidisha wala kupunguza, na hiyo ingekuwa sadfa ya ajabu. Ama wengi wa hao walioongezeka hawakuwa na ugonjwa wa kuwaua.

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kongoromeo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uchome nishati kwa kasi gani. Saratani zake ziko za aina kadhaa na tabia zake hazifanani hata kidogo. Ile ya anaplastiki ni nadra, nayo huua ndani ya miezi. Ile ya papilari ndiyo ya kawaida kuliko zote, na mara nyingi hukua polepole mno au haikui kabisa. Ongezeko lote kubwa tunalolizungumzia, nchi baada ya nchi, ni la papilari, tena zilizo ndogo. Ile inayoua haraka haikupanda hivyo. Mtu akikuambia saratani ya thairoidi inaongezeka, swali la kwanza ni ipi, na ya ukubwa gani.

Kwamba kuna akiba ya vijisaratani vilivyojificha shingoni kwa watu wazima si jambo jipya. Mwaka 1985 watafiti waliokuwa Finland, Harach na wenzake, walichapisha kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo ufunguo wa habari hii yote. Walichukua tezi za maiti 101, wakazikata vipande vya unene wa milimita 2.5 na kuvitazama kwa hadubini. Katika maiti 36 kati ya hizo 101 walikuta saratani ya papilari ambayo haikuwa imejulikana. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu. Na kwa kuwa nyingi zilikuwa ndogo kuliko unene wa kipande chenyewe, ni wazi kisu kiliziruka nyingine. Wakaandika kwamba vijisaratani hivyo vichukuliwe kuwa jambo la kawaida mwilini, visikimbiliwe kutibiwa vikigunduliwa kwa bahati.

Sasa fikiria akiba hiyo, halafu leta mashine ya kuiona.

Ultrasaundi ya shingo haina maumivu wala mionzi, na ndiyo maana hakuna anayeiogopa. Unalala chali, mto chini ya mabega ili shingo ijitokeze. Unapakwa jeli ya baridi. Mpimaji anapitisha kifaa kulia, kushoto, kulia tena, na kwenye skrini tezi inaonekana ya kijivu, laini, sawasawa. Kisha doa jeusi kidogo. Anasimamisha picha, anaweka msalaba mdogo kwenye ukingo mmoja na mwingine kwenye ukingo wa pili, na mashine inaandika yenyewe: milimita 6. Anaangalia kama kingo zimechongokachongoka, kama doa limesimama wima kuliko lilivyolala, kama ndani yake mna chembe nyeupe za kalsiamu. Akiona hayo, hatua inayofuata ni sindano nyembamba, kisha kioo cha maabara, kisha neno ambalo mtu akishaambiwa halisahau tena.

Tafiti zilizopima shingo za watu wazima waliochaguliwa bila mpangilio zilipata vivimbe kwa asilimia 19 hadi 68 yao, kutegemea umri, jinsia na ubora wa mashine. Vilivyo vingi si saratani. Lakini ukiwachoma sindano wa kutosha, utapata. Na si lazima hata uwe unatafuta: skani ya kifua, kipimo cha mishipa ya damu ya shingoni, picha ya uti wa mgongo baada ya ajali, zote hupita karibu na tezi na kuikamata kwenye kona ya picha. Wahenga walisema mtafuta hachoki, akichoka keshapata. Hapa mashine haichoki, na inapata hata isichotafuta.

Nchi iliyoonyesha jambo hili kwa ukali kuliko zote ni Korea Kusini. Mwaka 1999 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kupima saratani mapema. Thairoidi haikuwamo. Lakini hospitali na kliniki ziliiongeza kama nyongeza ya hiari: ukishafika kwa vipimo vingine, kwa dola 30 hadi 50 hivi unapimwa na shingo. Nani atakataa? Kufikia 2011, wagonjwa zaidi ya 40,000 waligunduliwa kwa mwaka mmoja, na kasi ya ugunduzi ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993. Thairoidi ikawa saratani inayoongoza nchini humo. Vifo vilibaki kati ya 300 na 400 kwa mwaka, kama zamani. Watafiti walipolinganisha mikoa, walikuta kwamba palipokuwa na watu wengi waliopimwa ndipo palipokuwa na wagonjwa wengi. Ugonjwa ulikuwa ukizifuata mashine.

Ipo takwimu moja ya Korea ninayoipenda kwa ubaya wake. Uhai wa wagonjwa wa saratani hupimwa kwa kuwalinganisha na watu wa umri na jinsia ileile katika jamii nzima, baada ya miaka mitano. Asilimia 60 maana yake wagonjwa wanaishi kwa kiwango cha asilimia 60 cha wenzao. Kwa thairoidi, Korea ilipata zaidi kidogo ya asilimia 100. Yaani ukiwa na saratani hiyo ulikuwa na nafasi ya kuishi kubwa kidogo kuliko asiye nayo! Saratani yenyewe haimwongezei mtu uhai. Ila anayejipeleka kupimwa shingo akiwa mzima mara nyingi ni mtu mwenye afya, mwenye uwezo, anayejijali. Takwimu ya namna hiyo inapotangazwa kama ushindi wa tiba, ni vizuri kucheka kidogo.

Gharama hawakuilipa kwa pesa tu. Karibu wote waliogunduliwa walitibiwa, na theluthi mbili waliondolewa tezi nzima. Nyuma ya tezi hii kuna vitezi vinne vya ukubwa wa punje ya mchele vinavyosimamia kalsiamu mwilini, na hapohapo pembeni hupita mishipa ya fahamu ya sauti. Kati ya waliopasuliwa huko Korea, asilimia 11 walipata upungufu wa homoni ya vitezi hivyo, na asilimia 2 wakapooza nyuzi za sauti. Asilimia 2 inasikika ndogo mpaka uizidishe kwa makumi ya maelfu.

Machi 2014 madaktari wanane wa nchi hiyo waliandika barua ya wazi kutaka upimaji wa shingo kwa watu wasio na dalili usitishwe. Vyombo vya habari viliibeba. Upasuaji wa thairoidi ulishuka kutoka takriban 43,000 mwaka 2013 hadi takriban 28,000 mwaka 2014. Hakuna chanjo wala dawa mpya iliyofanya kazi hiyo. Barua tu. Haikudumu hivyo milele: idadi ilianza kupanda tena polepole, mwaka 2019 thairoidi ikarudi nafasi ya kwanza, na mwaka 2021 wagonjwa wapya walizidi 35,000.

Kwa nini ilirudi? Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu jibu nimeliona kwa shangazi yangu.

Yeye alikuwa akipata kizunguzungu. Daktari akataka kuona mishipa ya damu ya shingoni, mishipa ikawa salama, ila pembeni yake kukaonekana kivimbe cha milimita 8. Sindano ikasema papilari. Tezi ikatolewa yote. Tangu hapo kila asubuhi anameza kidonge cha homoni tumbo likiwa tupu, anasubiri nusu saa ndipo anywe chai, na hilo ni la maisha yake yote. Kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji vidole vilimfa ganzi kwa upungufu wa kalsiamu. Kizunguzungu, kwa taarifa yako, kipo mpaka leo.

"Mashine ile iliniokoa, mwanangu," huniambia. "Wangechelewa kidogo wangekuta imeenea."

"Tunamshukuru Mungu, shangazi," ndilo jibu langu, na sina jingine la kumpa.

Sina, kwa sababu huenda yuko sahihi. Kivimbe chake kinaweza kuwa kile kimoja kati ya vingi ambacho kingekua na kuenea. Kinaweza pia kuwa kile ambacho angezeeka nacho bila kukijua. Kikishatolewa kimetolewa, na pande zote mbili matokeo yanafanana: mtu mzima wa afya aliyefanyiwa upasuaji wa saratani na akapona. Hakuna daktari anayeweza kumtazama mtu mmoja akasema huyu alitibiwa bure. Jambo hili linaonekana kwenye mistari ya nchi nzima peke yake, wala halionekani kwenye sura ya mtu. Wataalamu wanaliita ugunduzi uliopitiliza, na wanasisitiza kwamba daktari hakukosea. Kilichoonwa kwenye hadubini ni saratani kweli. Kilichokosekana ni hatari yake.

Na kila anayegunduliwa hivyo anatoka hospitali akiwa shahidi wa mashine. Anamwambia dada yake, dada anaenda kupimwa, naye anakutwa na kitu. Kadiri upimaji unavyozidi kugundua visivyo na madhara, ndivyo waliopona wanavyoongezeka, na ndivyo imani inavyokua kwamba upimaji unaokoa. Barua ya madaktari wanane inashindana na maelfu ya mashangazi wanaosema wameokolewa. Mimi mwenyewe sikuweza kushindana na mmoja.

Mwaka 2016 watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walijaribu kuhesabu jambo hili katika nchi 12. Njia yao ilikuwa ya akili. Saratani nyingi huongezeka kadiri umri unavyosonga, na hata thairoidi zamani ilifuata mkondo huo. Lakini baada ya ultrasaundi kuenea, grafu ya umri ilibadilika umbo: ilianza kupanda mapema, ikafika kilele kwa wanawake wa umri wa kati, kisha ikashuka uzeeni. Baiolojia ya binadamu haibadiliki umbo ndani ya miaka 20. Kilichobadilika ni nani anapimwa. Kwa kutumia tofauti hiyo walikadiria kwamba katika miongo miwili, 1988 hadi 2007, wanawake 470,000 na wanaume 90,000 katika nchi hizo huenda waligunduliwa kupita kiasi. Kwa wanawake wa Korea Kusini, asilimia 90 ya waliogunduliwa miaka ya karibuni. Marekani, Italia, Ufaransa na Australia asilimia 70 hadi 80. Japani, nchi za Nodiki, England na Uskoti asilimia 50.

Suala la wanawake nalo lina jambo lake. Husemwa kila mahali kwamba saratani hii huwapata wanawake karibu mara tatu kuliko wanaume, na kwa waliogunduliwa ni kweli. Ila kwenye uchunguzi wa maiti vijisaratani vidogo vya papilari hupatikana kwa wanaume na wanawake kwa viwango vinavyokaribiana. Sehemu kubwa ya pengo hilo, basi, hutokea mlangoni mwa kliniki: wanawake hupita pale mara nyingi zaidi, na shingo zao huguswa mara nyingi zaidi.

Usije ukaelewa kwamba kila mstari unaopanda ni wa uongo. Aprili 1986 kinu cha Chernobyl kililipuka. Iodini yenye mionzi ikaanguka kwenye nyasi, ng'ombe wakala nyasi, watoto wakanywa maziwa, na tezi ya thairoidi, ambayo kazi yake ni kukusanya iodini, ikaikusanya hiyo bila kubagua. Miaka michache baadaye watoto wa Belarus na Ukraine walianza kupata saratani ambazo kwa umri wao zilikuwa nadra mno. Poland jirani iliwahi kugawa iodini salama kwa mamilioni ya watoto, ili tezi zishibe kabla ya ile yenye sumu kufika. Kufikia 2015, kati ya watu waliokuwa chini ya miaka 18 wakati wa ajali katika maeneo ya Belarus, Ukraine na Urusi yaliyofuatiliwa, wagonjwa zaidi ya 19,000 walikuwa wamesajiliwa. Na hata hapo, kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilikadiria kwamba takriban robo tu yao walitokana na mionzi. Waliobaki walitokana na kundi hilo kuzeeka, na kupimwa kwa bidii na kwa mashine bora. Msiba wa kweli na kivuli cha mashine, ndani ya safu moja ya takwimu.

Ndiyo maana Fukushima ilizua mabishano makali. Baada ya ajali ya Machi 2011, takriban vijana na watoto 300,000 wa mkoa huo walipimwa kwa ultrasaundi za kisasa, na katika duru ya kwanza zaidi ya 100 walikutwa na saratani au dalili zake. Wazazi walipatwa na hofu, na nani angewalaumu? Lakini dalili nyingi zilielekeza kwingine. Saratani zilionekana mara moja bila ile miaka ya kungoja, na zilikuwa kwa vijana wakubwa, ilhali Chernobyl iliwaumiza zaidi waliokuwa wadogo kabisa. Dozi za mionzi zilikuwa ndogo sana kwa kulinganisha. Hata vivimbe visivyo vya saratani, vilipotafutwa katika mikoa mitatu ya mbali ya Japani kwa mashine za aina hiyohiyo, vilipatikana kwa viwango vinavyofanana. Kamati ileile ya Umoja wa Mataifa ilisema ongezeko lilitokana na upimaji wenyewe. Mwaka 2018 jopo la wataalamu lililoitishwa na shirika la Lyon lilishauri kwamba baada ya ajali ya nyuklia watu wasipimwe thairoidi kwa mkupuo.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nami siwezi kuiruka. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitazama upya takwimu zao na kukuta vifo havikulala kabisa: vilipanda kutoka 0.40 kwa kila watu 100,000 katikati ya miaka ya 1990 hadi 0.46 mwanzoni mwa miaka ya 2010. Papilari zilizogunduliwa zikiwa zimeenea mwilini nazo ziliongezeka, na hizo mtu hawezi kusema ni mashine zimezichokonoa. Unene wa mwili kupita kiasi ni mmoja wa washukiwa. Kwangu mimi hoja hii inasimama, ila itazame kwa kipimo chake: kusogea kwa 0.06 kando ya mstari uliosogea kwa karibu 10. Yote mawili yanatokea kwa pamoja, moja dogo na la kweli, jingine kubwa na lililotengenezwa, na lile kubwa linafanya lile dogo liwe gumu kuonekana.

Madaktari wenyewe wamekuwa wakirudi nyuma kidogo kidogo. Hospitali ya Kuma mjini Kobe, Japani, ilianza tangu 1993, kwa pendekezo la Akira Miyauchi, kuwapa wenye papilari za chini ya sentimita moja nafasi ya kufuatiliwa bila kupasuliwa. Kati ya wagonjwa 1,235 walioripotiwa, baada ya miaka 10 asilimia 8 hivi ndio vivimbe vyao vilikua kwa milimita 3 au zaidi, asilimia 3.8 saratani ilifika kwenye tezi za limfu, na hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Waliohitaji upasuaji baadaye walifanyiwa, na walipona. Wazee ndio vivimbe vyao vilitulia zaidi, kinyume na hofu tuliyozoea.

Mwaka 2015 chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani kilishauri vivimbe vya chini ya sentimita moja visichomwe sindano kwa kawaida. Mwaka uliofuata wataalamu 24 wa patholojia, yaani wanaotambua ugonjwa kwa kutazama vipande vya mwili kwa hadubini, kutoka nchi 7 waliifuta jina aina moja ya papilari iliyojifunga ndani ya ganda lake, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 109 kwa miaka 10 hadi 26 bila ugonjwa kumrudia hata mmoja. Ikaondolewa neno saratani. Grafu nayo hushuka hivyo, kwa kalamu. Tangu takriban 2014 wagonjwa wapya Marekani wamekuwa wakipungua kwa asilimia 2 hivi kila mwaka, huku dunia kwa ujumla ikiendelea kupanda: mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 821,000, zaidi ya nusu yao China.

Mwaka 2017 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilipendekeza watu wazima wasio na dalili wasipimwe saratani ya thairoidi. Pendekezo hilo halimgusi mwenye kivimbe anachokiona kwenye kioo au kukigusa kwa kidole, wala ambaye sauti imekwaruza kwa wiki nyingi bila mafua, anayeshindwa kumeza, aliyechomwa mionzi shingoni utotoni, au ambaye ukoo wake una saratani hii ya kurithi. Hao si watu wasio na dalili au hatari. Waende wakapimwe, tena wasichelewe.